Ushindi 2,029, kombe sifuri: je, Mike Martin alikuwa kocha mkubwa au alizoeleka tu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari hapa Morogoro. Tangu tuletewe magongo na glavu za besiboli nimeupenda huu mchezo, na nasoma kila ninachokipata. Nimekutana na habari za Mike Martin, kocha wa chuo kule Florida, aliyekalia kiti miaka 40, akashinda mechi 2,029, na hakuwahi kutwaa ubingwa hata mara moja. Huku kwetu kocha akitoka sare tatu mfululizo anafungashiwa virago. Huyu aliwezaje kudumu? Ni kocha mkubwa kweli, au watu walimzoea tu? Na kama ningechukua kitu kimoja kwake niwafundishe vijana wangu, kiwe kipi?

JIBU: Namba zako ziko sahihi, Mwalimu, ila zina wenzake ambazo hukuzitaja. Martin aliongoza timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, mjini Tallahassee, kuanzia msimu wa 1980 hadi wa 2019. Alishinda 2,029, akapoteza 736, akatoka sare 4. Katika misimu yote 40 hakuna hata mmoja alioshinda mechi chini ya 40, na hakuna mwaka ambao timu yake ilikosa kuingia mashindano ya taifa ya vyuo. Wastani ni ushindi 50 na ushei kila msimu.

Mtu aliyekulia kwenye soka anaweza asishtuke, kwa hiyo chukua kipimo hiki. Katika ligi kuu ya kulipwa ya Marekani kila timu hucheza mechi 162. Ikishinda 100, mji mzima unaimba, na hiyo ni asilimia 62 tu. Martin alishinda asilimia 73. Ndiyo, timu kubwa za vyuo hupata wapinzani wepesi wa kujinenepesha mwezi wa pili na wa tatu, lakini wapinzani hao makocha wakubwa wote wanao, na hakuna aliyefika alikofika yeye. Mei 5, 2018, alipoifunga timu ya chuo cha Clemson, alipata ushindi wa 1,976 na kumpita Augie Garrido, kocha aliyekuwa anashikilia rekodi ya ushindi, aliyekuwa amefariki miezi miwili tu kabla. Machi 2019 akafikisha 2,000.

Sasa hilo la virago. Kuna kisa kimoja nakipenda kuliko vyote katika habari hizi. Kabla ya Martin, kiti kile alikikalia Dick Howser, mwana wa chuo hicho hicho, na alikaa msimu mmoja tu, wa 1979. New York Yankees, timu ya ligi kuu ya kulipwa, wakamwita awe meneja wao. Msimu wake wa kwanza, 1980, Howser aliwashindia Yankees mechi 103. Halafu wakafika mtoano, wakakutana na Kansas City Royals, wakapigwa tatu bila. Mwenye timu, George Steinbrenner, hakulala. Howser akaondoka kabla ya mwaka kuisha, rasmi ikaelezwa kwamba amejiuzulu aende kwenye biashara ya nyumba na viwanja. Mechi 103! Kwa hiyo usidhani virago ni ugonjwa wa Kariakoo peke yake. Wamarekani wanaujua, tena vizuri.

Mwaka ule ule ambao Howser anaonyeshwa mlango New York, msaidizi wake wa zamani anaanza kazi Tallahassee na kuipeleka timu Omaha, kwenye fainali za taifa za vyuo, katika msimu wake wa kwanza, kisha anakaa miaka arobaini. Howser alikuja kutwaa ubingwa na Royals hao hao mwaka 1985, akafariki kwa saratani ya ubongo 1987. Leo ukienda Tallahassee, uwanja unaitwa Dick Howser, na sehemu ya kuchezea iliyo ndani yake inaitwa Mike Martin. Majina mawili mahali pamoja: mmoja alitwaa kombe asidumu, mwingine alidumu asitwae kombe.

Kwa nini chuo kilimvumilia? Pesa kwanza. Katika chuo kama kile, anayelipa bili ni timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Besiboli haibebi mzigo wa chuo kizima, kwa hiyo kocha wake halazimiki kukesha akisubiri simu ya mkuu. Halafu kulikuwa na mazoea ya mahali penyewe: kocha wa timu ile kubwa, Bobby Bowden, naye alikaa kuanzia 1976 hadi 2009. Pale walikuwa wamezoea kuona kocha akizeeka kazini.

Lakini jambo ambalo watu wa mbali hawalioni ni starehe ya kila wiki. Mshabiki wa Tallahassee alikuwa na hakika kwamba ikifika katikati ya Februari atakwenda uwanjani, na mara tatu kati ya nne au karibu na hapo atarudi nyumbani ameshinda. Kuna kundi la mashabiki wa jukwaa B wanaojiita Wanyama. Hao raundi ya tano ikifika, kati ya tisa za mechi, husimama wote na kuimba wimbo wa taifa wa Kanada. Ndiyo, Kanada, ndani ya Florida, bila sababu inayoingia akilini. Mke wa Martin alikuwa jukwaani na daftari lake, anaandika kila mrusho na kila pigo kwa mkono. Mahali kama hapo mtu hafukuzwi kwa sababu ya wiki moja ya Juni.

Basi tuitazame hiyo wiki moja ya Juni, maana ndipo swali lako lilipo.

Mashindano ya taifa yana timu 64. Zinagawanywa vituo 16 vya timu nne nne, washindi 16 wanakutana wawili wawili, na wanane wanaobaki wanakwenda Omaha, jimbo la Nebraska, ambako fainali hizi zinachezwa tangu 1950. Huko ukipoteza mara mbili unafunga mizigo. Martin alifika Omaha mara 17. Narudia, kumi na saba, maana kuna makocha wazuri wanaostaafu bila kuiona hata mara moja.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Tuseme timu nane zinazofika ziko sawa kabisa, kila moja ina nafasi moja kati ya nane. Uwezekano wa kwenda mara 17 na kukosa zote 17 ni kama asilimia 10. Yaani ukichukua makocha kumi walio sawa na yeye, ukawapeleka Omaha mara 17 kila mmoja, bahati peke yake ingemwacha mmoja wao mikono mitupu. Ni mkosi, lakini si muujiza. Besiboli iko hivyo. Katika soka timu bora inaweza kumiliki mpira, ikamfungia mpinzani kwenye boksi lake dakika tisini. Kwenye besiboli mrushaji mmoja wa timu dhaifu, akiamka vizuri, anaifuta timu nzima. Na mrushaji wako bora akishatupa mipira mia moja leo, humpati tena kwa siku kadhaa, hata ungemlilia.

Tazama ilivyokuwa. Mwaka 1986 wanafika mchezo wa mwisho, Arizona inawachapa. Mwaka 1999 wanafika tena, wanakutana na Miami, majirani zao wa jimbo moja, wanapoteza 6-5. Pointi moja. Mchezaji bora wa mashindano yale akawa Marshall McDougall, wa timu iliyofungwa. Mwezi mmoja kabla, McDougall huyo alikuwa amewapiga Maryland homurani sita (mapigo yanayovusha mpira nje ya uwanja) katika mechi moja na kuleta nyumbani pointi 16, kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia watu wanadhani nimechanganya namba. Mwaka 2008 ndio ulioniuma mimi binafsi. Dhidi ya Stanford wanaingia raundi ya tisa wakiwa 5-5. Stanford wanapata pointi 11 ndani ya raundi hiyo moja. Mechi inaisha 16-5, na msomaji wa gazeti asubuhi anadhani ilikuwa mechi ya upande mmoja.

Ila nisikufiche, Mwalimu. Asilimia 10 ni kidogo, na mimi siamini kwamba ni bahati tupu.

Timu za Martin zilijulikana kwa jicho. Wapigaji wake walifundishwa kusubiri. Mpira ukiwa nje ya eneo la kupigwa, uache, hiyo inaitwa boli. Boli nne, unapewa kituo cha kwanza bure, unatembea huku mrushaji anazidi kuchoka. Kwa msimu mrefu hiyo ni dawa kali, kwa sababu vijana wengi wa miaka 19 hawana uwezo wa kurusha mpira mahali wanapotaka mara mia kwa siku. Unasubiri, wanajiharibia wenyewe, kufika raundi ya sita mlango umefunguka. Lakini Omaha huwakuti vijana hao. Unakutana na yule mmoja au wawili wa kila timu ambao, enzi za Martin, majina yao yalisomwa mwezi huo huo kwenye uteuzi wa ligi kuu. Hao hawakupi boli nne. Ukisubiri, wanakutandika straiki tatu, yaani mipira mitatu inayopita ndani ya eneo bila wewe kuipiga, unarudi benchi na gongo lako begani.

Ushahidi wangu ni msimu wake wa mwisho. Mwaka 2019 timu yake ilikuwa ya kawaida, ikaingia kwa chupuchupu kwenye zile 64. Wakaenda Athens, nyumbani kwa Georgia, wakashinda kituo kile. Wakaenda Baton Rouge, wakawatoa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, mbele ya watu wao. Mzee wa miaka 75 anapelekwa Omaha mara ya 17, nchi nzima ya besiboli inamwombea. Mechi ya kwanza wanaifunga Arkansas 1-0. Ya pili Michigan inawafunga 2-0. Ya tatu Texas Tech inawafunga 4-1. Hesabu: mechi tatu, pointi mbili. Warushaji wake walifanya kazi yao yote. Wapigaji ndio waliokwama, kama walivyokwama mara nyingine nyingi mbele ya mrushaji wa daraja la juu.

Kwa hiyo kama ningeitwa kutoa hukumu, ningesema hivi: alijenga timu bora zaidi ya Februari hadi Mei iliyowahi kuonekana, na kasoro yake ndogo ilikuwa ya aina inayoonekana Juni tu. Kuna makocha wenzake waliokuwa na kinyume chake. Rod Dedeaux wa USC, chuo kikuu cha Kusini mwa California, alitwaa ubingwa mara 11, na mshahara wake ulikuwa dola moja kwa mwaka, kwa sababu alikuwa tajiri wa malori na hakuhitaji zaidi. Garrido alitwaa mara tano akiwa na vyuo viwili. Ukiniuliza nani mkubwa zaidi kati ya Garrido na Martin, nitakujibu Garrido, halafu nitakaa kimya nijisikie vibaya. Lakini ukiniuliza mwanangu aende kwa nani miaka mitatu, jibu langu linabadilika.

Maana kazi ya kocha wa chuo ina upande ambao hauonekani kwenye kabati la makombe. Kwa miaka mingi ya Martin, sheria ilimruhusu kocha wa besiboli ufadhili wa masomo 11.7 tu kwa kikosi cha watu 35. Nukta saba, ndiyo. Ilibidi aumegemege kama muuza mihogo: huyu robo, huyu nusu, huyu hana kitu lakini aje tu. Kisha kijana bora uliyemwinda tangu akiwa na miaka 16 anachaguliwa na timu ya kulipwa baada ya sekondari, anapewa hundi, humwoni tena. Akija, baada ya mwaka wa tatu anaondoka. Kila msimu kocha anaamka timu yake haipo, anaanza upya. Martin aliamka hivyo mara arobaini na hakushuka chini ya ushindi 40. Hapo ndipo hoja ya "alizoeleka tu" inapovunjika mguu. Mazoea hayawezi kuficha msimu mbovu, na yeye msimu mbovu hakuwa nao.

Kuna kijana mmoja aliyeanza msimu wa 2006 anacheza kati ya kituo cha pili na cha tatu, anaitwa Buster Posey. Benchi la ufundi, ambalo mtoto wa Martin aliyewahi kuwa mdakaji alikuwamo, likamtazama mikono na utulivu wake, likamwambia mwaka wa pili achuchumae nyuma ya mpigaji awe mdakaji. Fikiria unamwambia beki wako wa kati aliyefanya vizuri msimu mzima kwamba kuanzia kesho yeye ni golikipa. Posey akakubali. Mei 2008, dhidi ya Savannah State, Martin akamchezesha nafasi zote tisa katika mechi moja, raundi moja huku, nyingine kule, hadi kilima cha mrushaji. Na katikati ya mzunguko huo kijana akapiga homurani vituo vyote vikiwa vimejaa. Mwezi uliofuata San Francisco Giants wakamchukua wa tano nchi nzima, na akawa mdakaji wao katika ubingwa wa 2010, 2012 na 2014. Makombe hayo hayahesabiwi kwenye jina la Martin, na sawa, hayapaswi. Lakini mimi nayahesabu kimoyomoyo.

Na kabla hujadhani kwamba ukoo ulitosha kumweka mtu pale: alipostaafu, kiti kilikwenda kwa mtoto wake, Mike Martin Jr. Alipewa misimu mitatu, akatimuliwa 2022. Virago vilirudi Tallahassee. Akaletwa Link Jarrett, aliyemchezea mzee miaka ya mwanzoni ya 1990. Msimu wake wa kwanza, 2023, timu ikashinda 23 na kupoteza 31, ikakosa mashindano ya taifa, kitu ambacho mtoto aliyezaliwa pale 1980 hakuwahi kukiona maishani mwake. Nadhani siku hiyo ndipo wengi waliokuwa wakimnong'ona mzee walipoelewa maana ya ushindi 40. Martin alifariki Februari 1, 2024, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 80. Juni ya mwaka huo huo Jarrett akawarudisha Omaha. Mechi ya kwanza, dhidi ya Tennessee, wanaongoza 11-8 kuingia raundi ya mwisho. Wakapoteza 12-11. Hata akiwa kaburini, Omaha haikumwonea haya.

Haya, swali lako la mwisho. Chukua jicho. Vijana wako hawatakutana na warushaji wa Omaha. Watakutana na vijana wenzao wa shule nyingine, labda siku moja kwenye mashindano ya Dar es Salaam pale Azania, na wengi wa warushaji hao hawajui mpira wao utaangukia wapi. Kwa wapinzani wa namna hiyo, jicho linashinda nguvu.

Zoezi lenyewe halina gharama. Tafuta mipira ya tenisi iliyochakaa, kama kumi hivi. Nusu itie doa la kalamu nyekundu, nusu nyeusi, doa kubwa kiasi cha sarafu. Mpigaji asimame na gongo begani, na mwiko ni mmoja: haruhusiwi kupiga. Mrushaji arushe kutoka hatua kumi na mbili hivi, si kwa nguvu. Mpira ukiwa bado hewani, mpigaji atamke rangi. Wakianza watatamka mpira ukishapita, na wenzao watacheka, waache wacheke. Wakishaweza rangi, ongeza neno la pili: "nyekundu, ndani" au "nyeusi, nje", kulingana na kama mpira unapita juu ya bamba, lile la chini mbele ya mpigaji, au pembeni. Mdakaji ndiye hakimu. Kila kijana apate mipira ishirini, halafu mwingine. Fanya hivyo wiki mbili nzima kabla hujamruhusu mtu kupiga kwa nguvu zake zote, na watakununia, hasa wale wenye misuli.

Siku ya mechi mweke mwanafunzi mmoja na daftari, kama yule mama wa jukwaani, aandike mara ngapi kila mpigaji kakimbilia mpira wa nje. Usimwonyeshe mtu mpaka Jumatatu.